Mgonjwa wa Tumbo Hutolewa Nje

Kile kikombe cheupe cha bati chenye mdomo wa bluu, kilichomo kwenye kabati la chumba cha kuonea wagonjwa, rafu ya chini kabisa, hakijawahi kutiwa chai na naomba kisianze sasa. Nalisema hili mapema kwa sababu wiki yangu ya mwisho kazini nilimkuta muuguzi mgeni amekishika, chupa ya chai iko mezani, nikapiga kelele ambayo sijawahi kumpigia mfanyakazi mwenzangu miaka yote. Kikombe kile ni cha mkojo. Ni kipimo cha zamani kuliko vipimo vyote mlivyonavyo, na kimekaa kazini muda mrefu kuliko mimi.

Neema, tabibu aliyepokea kiti changu, ndiye aliyeniomba niandike. "Mzee Fabiano," aliniambia, "usituandikie ripoti. Tuandikie yale ambayo hukuyaweka kwenye faili." Basi nimekaa hapa nyumbani Mbulu, sweta mwilini, maharage yameanikwa uani na kuku wanayanyemelea, nikaona niandike juu ya matumbo tu. Vyeo na mishahara vina mafaili yake huko wilayani, na yakipotea sitalia.

Nilianzia kazi zahanati ya Nambis, huku huku Mbulu, nimetoka chuoni moja kwa moja. Nilikuwa na koti jipya, na stethoskopu ilikaa shingoni hata nikienda kununua chumvi. Vijana waliniamkia "shikamoo daktari," mimi ambaye ndevu zangu zilikuwa bado za kuhesabika. Kwetu kila anayevaa koti jeupe ni daktari, na niliwaacha waendelee kukosea kwa sababu ilinipendeza.

Pale zahanati nilimkuta Mzee Qamara. Alikuwa mhudumu wa afya, mtu wa kufagia, kuchemsha vyombo na kufunga vidonda. Hiyo ilikuwa kazi yake kwenye karatasi. Kazi yake ya kweli ilikuwa kuwasahihisha matabibu wapya bila kuwaaibisha mbele ya wagonjwa, na aliifanya kwa upole kiasi kwamba mtu uligundua umesahihishwa ukiwa umeshafika nyumbani.

Siku yangu ya kwanza alikuja mzee mmoja na malalamiko ya tumbo. Lazima niwaambie wageni kwamba huku kwetu tumbo ni nchi kubwa, linaanzia chini ya shingo na kuishia karibu na magoti. Mzee akasema hana hamu ya kula, anasikia kichefuchefu, mwili umechoka. Nikaanza kuandika dawa ya vidonda vya tumbo. Mzee Qamara akaingia na kigoda, akakipitisha mbele yangu, akakiweka nje ya mlango upande wa jua.

"Daktari, huyu tumwangalie nje," akasema.

"Nje kuna upepo wa baridi, mzee."

"Upepo upo. Na mwanga upo pia."

Tukatoka. Mzee wa watu akaketi kwenye kigoda. Qamara akamuuliza habari za ng'ombe, habari za mvua, kisha kama mtu anayepiga soga tu akauliza, "Na ugoro vipi siku hizi?"

Mgonjwa akakunja uso. "Nimeuacha. Unaninukia vibaya."

Qamara akanitazama. "Mzee wa huku akiacha ugoro na hajaokoka," akasema polepole, "hilo ni ini, daktari." Akamvuta yule mzee kope ya chini kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto vumbi. Jicho lilikuwa la manjano. Akampa kikombe cheupe, mzee akaenda nyuma ya choo, akarudi na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ilikuwa homa ya ini. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi tayari kumtibu kitu kingine.

Baadaye nilimuuliza kwa nini kikombe, na kwa nini cheupe. Alinijibu kwa swali. "Wewe mkojo wako wa leo ulikuwa wa rangi gani?" Sikujua. Nilikuwa nimeenda choo cha shimo, chenye giza, kama kila mtu wa kule. "Basi," akasema. Ndiyo maana ukimuuliza mgonjwa mkojo wake una rangi gani atakwambia wa kawaida. Hajauona, na anaona vibaya kukwambia kwamba hajui. Mweke kwenye kikombe cheupe, autazame mwenyewe, na mara nyingi yeye ndiye atakayeshtuka kabla yako.

Tumbo la kila siku alinifundisha kulitambua kwa hadithi yake. Tumbo la kila siku lina siku lilipoanza, lina chungu na lina wenzake. Baada ya kipaimara fulani walikuja watu kumi na wawili asubuhi moja, wote wamekula wali wa sufuria moja, wote wamelala wakitapika, na wote kesho yake walikuwa shambani wakimlaumu mpishi. Virusi vya tumbo havina haraka hiyo. Vinapita nyumba kwa nyumba na mtu kwa mtu. Leo mtoto mdogo, keshokutwa dada yake, mwisho mama aliyewafulia. Kwa hiyo ukisikia tumbo, usiulize tu umekula nini. Uliza nani mwingine, na alianza lini.

Msimu wa baridi kavu watoto wa Nambis walikuwa wakija na homa kidogo, kutapika, kisha kuharisha maji matupu yasiyo na damu. Mimi na koti langu jipya niliwaandikia wote antibayotiki, kwa mwandiko mzuri kabisa. Qamara hakunibishia. Alimchukua mtoto mmoja aliyekuwa ameshaanza kuzama macho, akaketi naye kwenye benchi, akafungua pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, akaanza kumnywesha kwa kijiko cha chai. Kijiko kimoja, kisha anasubiri. Mama yake alikuwa amemnyima maji tangu jana, akiamini maji ndiyo yanayoongeza kuharisha. Qamara hakumkaripia. Kila kijiko alikipa jina la ng'ombe wake, na mtoto alipomeza "Ng'ombe mwekundu" akasubiri kwa hamu ajue anayefuata ni nani. Ng'ombe wakaisha, akaanza mbuzi. Nilipotoka kwenda kula walikuwa kwenye mbuzi, niliporudi mtoto alikuwa amekojoa, na yule mzee alifurahia ule mkojo kuliko mtu aliyeuza mazao.

Nilimpenda sana mzee yule. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu mwanamume wa kwetu hamwambii mwanamume mwenzake jambo kama hilo, na sasa amekwisha kulala kaburini. Mnaosoma haya, kama mnaye mtu wa namna hiyo pale kazini, mwambieni.

Nilipohamishiwa upande wa Hanang, Mzee Qamara alinipa kikombe na kigoda. Kikombe nikakibeba. Kigoda nilikiacha, nikisema kitasumbua kwenye basi. Ukweli niliona aibu kufika kituo kipya na kigoda kama mtu anayekwenda kukamua.

Zahanati mpya ndiyo hiyo yenu, kwa hiyo jina lake sitaliandika. Ilikuwa vijijini, mbele kidogo ya Katesh, na Mlima Hanang umesimama mbele ya mlango. Nawaambia tu kwamba ilikuwa na umeme. Chumba changu kilikuwa na meza, kitanda cha kupimia, pazia zito la kijani la kumsitiri mgonjwa, na balbu moja yenye mwanga wa njano. Baada ya Nambis nilijiona nimefika hospitali ya rufaa. Sikuwa na sababu ya kumtoa mtu nje kwenye upepo. Kikombe kikaenda rafu ya chini, nyuma ya boksi la bandeji, na pole pole nikawa tabibu wa ndani. Miaka ikapita hivyo, wala hakuna aliyelalamika, na kutolalamikiwa huko kulinidanganya.

Sasa nifike kwa Paskalina, maana ndiko nilikokuwa nakwepa tangu nianze kuandika.

Alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, ameolewa mwaka uliotangulia, na mimba ya kwanza ya miezi mitano. Mume wake, Daniel, alikuwa Arusha kwenye vibarua. Aliletwa na baba mkwe wake, Mzee Amsi, kwa sababu mama mkwe alikuwa shambani akivuna. Mzee Amsi tulikuwa rika moja, tuliketi benchi moja kanisani. Aliingia na fimbo yake na koti lake zito, binti nyuma yake, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo," akasema Paskalina, akiwa ameinama kidogo, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Baba mkwe alijibu kwa niaba yake. "Anatapika. Hali. Harufu ya samli hataki hata kuisikia."

"Mimba hiyo," nikasema, na tukacheka kidogo, sisi wazee wawili, kama watu tunaojua dunia.

Ninyi wageni wa huku mjue jambo moja. Binti aliyeolewa na kulelewa vizuri hamkazii macho baba mkwe wake, wala mtu wa rika lake. Anatazama chini. Hawezi kutaja mkojo mbele yake, hata ukimuuliza mara kumi. Nami nimezaliwa ndani ya desturi hiyo, naipenda, na nilipomwona Paskalina ameinamisha uso wakati wote niliona kitu cha kupendeza. Nikamwambia Mzee Amsi, "Mzee, umepata mkwe mwenye adabu." Akafurahi waziwazi. Nikampa binti dawa ya kutuliza kiungulia na vidonge vya maumivu kwa ajili ya mwili uliokuwa ukimuuma, nikawaruhusu.

Sikumtazama machoni. Nilimsifu kwa kunizuia nisimtazame.

Baada ya siku nane wakarudi. Paskalina alikuwa amepungua na alikuwa akijikuna viganja. Mimba ya miezi mitano kwa kawaida huwa imeshapita habari ya kutapika; hilo nalijua, na mnalijua. Kuwashwa viganja na nyayo bila upele, hilo nalo lipo vitabuni. Lakini pazia lilikuwa limefungwa, balbu inawaka, na chini ya mwanga wa njano kila mtu ana rangi ile ile. Baba mkwe alikuwa amesimama pembeni. Nikampa dawa ya kupaka, nikaongeza vidonge vya maumivu, nikamwambia apunguze mafuta. Alipotoka alisema "asante" kwa sauti ndogo, macho kwenye sakafu yangu ya saruji niliyojivunia.

Siku tatu baadaye alikuja mama mkwe, peke yake, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu aliyetoka kazini. Tumwite Mama Daniel. Hakuwa amekuja kuomba dawa. Alikuja kunishtakia.

"Daktari, mkwe wangu amebadilika. Analala mchana kutwa, usiku anazungukazunguka. Jana amebandika sufuria ya ugali jikoni, akakoleza moto, akakaa anaitazama. Haikuwa na maji. Nikamuuliza, maji yako wapi? Akaniangalia kama hanijui." Akakaza kitenge kiunoni. "Majirani wanasema amerogwa. Wengine wanasema mvivu. Mimi nimekaa naye mwaka mzima. Huyo si mvivu."

Usingizi uliogeuka mchana kuwa usiku, akili iliyoanza kuchanganyikiwa, kutapika, kuchukia samli, kuwashwa. Mbele yangu nilimwona Mzee Qamara ameshika kigoda. Nikafungua kabati, nikasukuma boksi la bandeji, nikatoa kikombe. Kilikuwa na vumbi.

Nikachukua bodaboda, Mama Daniel nyuma yangu, tukaenda. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, jua kali la baada ya mavuno. Paskalina alikuwa amelala ndani, kwenye chumba chenye moshi na kadirisha kadogo. Nikasema, "Mleteni nje." Wakamtoa wakimshika mikono, wakamketisha kwenye kigoda cha kukamulia, mbele ya nyumba, juani. Mzee Amsi akatoka zizini akaja kusimama kando yetu. Na binti yule, ambaye alikuwa hajui sufuria ina maji au haina, alipoona miguu ya baba mkwe wake akainamisha kichwa. Adabu ilikuwa imebaki wakati akili inaondoka.

"Paskalina," nikasema, "inua uso unitazame."

Hakuinua. Nikarudia. Akashusha mtandio zaidi. Ningeweza kumshika kidevu kwa nguvu, lakini nilimtazama Mzee Amsi. Naye alinitazama, na nikaona kwamba ameelewa kabla sijasema. Mzee yule, mwenye nyumba, mwenye ng'ombe, ambaye hakuna mtu pale angethubutu kumwambia ageuke, alichomeka fimbo yake ardhini, akageuka, akaupa uwanja wote mgongo na kuutazama Mlima Hanang.

"Binti yangu," akasema akiwa amegeuka hivyo, "mwangalie daktari. Mimi sipo."

Paskalina akainua uso. Sikuhitaji kuvuta kope. Macho yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Mama Daniel akampeleka nyuma ya nyumba na kikombe, akarudi akikishika kwa mikono miwili, na alipoona kilichomo dhidi ya ule weupe alianza kulia.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Siku hiyo ilikuwa ya mnada, na Bwana Hamisi, mfanyabiashara wa Katesh aliyenunua maharage kijijini kwetu, alikuwa ameanza kupakia gari lake dogo la mizigo. Alipoambiwa, hakuuliza swali. Akashusha magunia aliyokwisha kuyapanga, akatandika turubai na blanketi lake mwenyewe, akasema, "Mpandisheni, daktari. Maharage hayaozi leo." Nikaandika rufaa juu ya goti langu. Njiani Mama Daniel alimpakata kichwa, na mimi nilihesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi ya kufanya.

Hospitalini walipima wakakuta homa ya ini ya virusi, ile ya B. Hali yake ilikuwa ukingoni kwa siku nyingi. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, wa kiume, hakulia. Siwezi kusema kwamba ningemwona siku ya kwanza mtoto angeishi. Madaktari waliniambia virusi vikishambulia ini kwa nguvu vile hakuna anayejua. Lakini najua kwamba vidonge vyangu vya maumivu vililiongezea kazi ini lililokwisha kuchoka, na najua kwamba siku kumi na moja zilipotea zikiwa zimekaa mbele yangu. Hayo hayakuandikwa kwenye faili lolote. Nayaandika hapa.

Jumamosi iliyofuata nikarudi hospitalini kuwaona. Nilimkuta Mzee Amsi kwenye benchi nje ya wodi. Niliketi. Tulisalimiana habari zote, za nyumbani, za mifugo, kama inavyotakiwa, kisha nikamwambia, "Mzee, nilikosea. Mara mbili mlikuja kwangu, na mara mbili sikumtazama machoni. Ningemtoa nje ningeyaona."

Alichora mchanga kwa ncha ya fimbo. Nilikuwa tayari kwa neno lolote. Nilikuwa nataka anikaripie.

"Uliposifu adabu yake," akasema hatimaye, "nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama Daniel. Tulifurahi wote wawili, mimi na wewe, na mtoto wa watu anakufa." Akanishika mkono, akaubana, hakuuachia. Tukakaa hivyo, wazee wawili wapumbavu, tumeshikana mikono mchana kweupe mbele ya watu.

Paskalina alipona. Ilichukua muda, alirudi nyumbani amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Baada ya miezi sita walimpima tena na virusi havikuonekana, kama inavyotokea kwa watu wazima wengi mwili ukishinda. Daniel alirudi kutoka Arusha akapimwa naye, na jamaa wote wa nyumba ile wakapimwa. Mama Daniel aliwafuata mmoja mmoja, na sijaona mratibu wa wilaya mwenye nguvu za mama yule.

Nami nikatengeneza kigoda. Nilikichonga mwenyewe na kilikuwa kibaya, mguu mmoja mfupi, ndicho hicho mnachokitia kipande cha kadibodi. Nikakiweka nje ya mlango upande wa jua, na kuanzia hapo kila mgonjwa wa tumbo alitoka nje, awe padri au mlevi. Shida ilikuwa benchi la wanaosubiri, ambalo lilikuwa pale pale, na daima lina wazee. Binti akija, hainui uso. Siku ya kwanza Mzee Amsi alikuwapo, amekuja na presha yake. Akawaangalia wenzake, akasema, "Wazee, mlima." Akageuka kuutazama Mlima Hanang. Wenzake wakashangaa, halafu wakageuka pia, mmoja mmoja, na fimbo zao.

Ikawa ndiyo desturi ya zahanati yetu. Akiitwa mke wa mtu kwenye kigoda, mtu mmoja anasema "mlima," na benchi zima linageuka. Wapita njia wasiojua waliwaona wazee saba wameutumbulia mlima macho wakauliza kama mvua inakuja. Mkaguzi mmoja aliniuliza kwa maandishi kwa nini wagonjwa wangu wanakaa wakiipa zahanati mgongo. Nilimjibu kwamba wanapenda mandhari. Lakini mabinti waliinua nyuso, waliongea na mimi kwa sauti yao wenyewe, walitaja mkojo, walitaja kila kitu. Niliwatambua wengine watatu wenye homa ya ini kwenye kigoda kile katika miaka iliyobaki, na wote walikuja mapema. Wengi zaidi walikuwa na tumbo la kila siku, na furaha ya kumwambia mtu "nenda nyumbani, kunywa maji mengi, kesho utacheka" hamtaielewa mpaka mmepitia siku kama zile za Paskalina.

Mniahidi jambo moja. Mtaletewa mashine, na zije, sina ugomvi nazo. Natamani sana kipimo cha homa ya ini kingekuwapo kwenye rafu yangu siku ile. Lakini kabla ya kipimo, mtoe nje. Muulize amekichukia chakula gani. Mpe kikombe. Na kama kuna mtu ambaye mbele yake hawezi kuinua uso, usimlaumu yeye. Mwombe yule mtu ageuke.

Siku yangu ya mwisho walifanya sherehe ndogo uwanjani pale zahanati. Kulikuwa na hotuba. Mwenyekiti wa kijiji alisema nimetumikia kwa uadilifu, neno ambalo nadhani alilitoa kwenye hotuba ya mtu mwingine. Nikapewa blanketi. Neema akapewa funguo, na mimi nikamkabidhi kikombe mbele ya watu wote, nikaeleza ni cha nini, na akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Ndipo Paskalina akaja. Alikuwa na watoto wawili, wa kike amemshika mkono, wa kiume mgongoni. Nilijua anakuja kuniaga. Alipofika karibu na viti vya wazee hatua zikapungua, kichwa kikainama, kwa sababu baba mkwe wake alikuwa pale, amezeeka zaidi sasa, na kando yake rika lake lote. Akasimama mbele yangu, anatazama viatu vyangu.

Mzee Amsi akapiga fimbo chini. "Wazee," akasema, "mlima."

Wakageuka. Viti vya plastiki vilikwaruza ardhi, mwenyekiti naye akageuka bila kujua kwa nini, hata padri akageuka. Paskalina akainua uso. Akanitazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kigoda, na bila kuambiwa akaweka kidole chini ya jicho lake, akavuta kope, jicho la kulia, kisha la kushoto, akisubiri.

Nikachukua muda wangu. Jua lilikuwa zuri.

"Daktari," Mzee Amsi akaita, mgongo wake kwetu, "yakoje?"

"Meupe, mzee," nikasema.

Aliendelea kuutazama mlima.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.